Mbolea na Baruti, Ndugu wa Tumbo Moja

Ndugu wasikilizaji, wiki hii tuzungumze habari ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho tele, tajiri na masikini, na ambacho hata hivyo mataifa yamekipigania kwa mizinga. Kitu hicho ni hewa. Sisemi oksijeni, ambayo kila mtoto wa shule anajua kuwa ndiyo inayotuweka hai. Nasema ile sehemu nyingine, karibu sehemu nne katika kila tano za pumzi uliyovuta sasa hivi, inayoingia mapafuni na kutoka kama ilivyoingia, bila kutufaa lolote. Wataalamu huiita naitrojeni.

Mwaka 1772 kijana mmoja wa Scotland, Daniel Rutherford, aliitenga hewa hii na akaona kwamba panya hawezi kuishi ndani yake, na mshumaa huzimika. Baadaye Mfaransa Lavoisier akaipa jina lenye maana ya kitu kisicho na uhai, jina ambalo Wafaransa wanalitumia hadi leo. Maskini Lavoisier! Hakujua kwamba hakuna kiumbe hata kimoja, tangu chawa hadi tembo, ambacho mwili wake unaweza kujengwa bila naitrojeni. Imo katika nyama, katika maziwa, katika maharage, katika damu, na katika rangi ya kijani ya majani. Palipokosekana naitrojeni, mahindi hugeuka manjano yangali machanga, na mtoto anayelelewa kwa uji mtupu huvimba tumbo na miguu.

Hapo ndipo penye kitendawili. Mhindi umesimama shambani, umezungukwa na naitrojeni juu, chini na pembeni, na unakufa kwa kuikosa. Penye miti hapana wajenzi. Sababu ni kwamba chembe za hewa hii hutembea mbilimbili, zimeshikana kwa nguvu isiyo ya kawaida, na mmea hauna uwezo wa kuzitenganisha. Radi inaweza, kwa ule moto wake mkali, na kila mvua ya radi huleta kidogo ardhini. Lakini kazi kubwa tangu dunia iumbwe imefanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Baadhi yao hukaa katika vinundu vidogo kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Ng'oa mkunde au mharage uliostawi na utaviona. Humo ndani vijidudu hupewa sukari na mmea, navyo huulipa mmea naitrojeni iliyokwisha kuvunjwa. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walilithibitisha jambo hili miaka ya 1880. Bibi zetu waliopanda kunde kati ya mahindi hawakuisoma taarifa yao, lakini walikuwa na mavuno ya kuwaonyesha.

Kutoka hapo mambo huzunguka. Ng'ombe anakula jani, mtu anakula ng'ombe, wote wawili wanakwenda haja na mwisho wanakufa, na vijidudu vingine vinaozesha kila kitu na kukirudisha udongoni. Wapo hata wengine ambao kazi yao ni kuiachilia naitrojeni irudi angani. Kijiji kinachokula mazao yake palepale na kurudisha samadi shambani kinaweza kuishi hivyo kwa karne nyingi.

Mji ndio uliovunja mzunguko. Gunia moja la mahindi la kilo 100 linapoondoka Iringa kuja Dar es Salaam, linaondoka na karibu kilo moja na nusu ya naitrojeni ya shamba la mtu. Tukishakula ugali wetu Manzese na Magomeni, naitrojeni hiyo huishia chooni, na kutoka chooni huingia ardhini, mitoni na baharini. Hairudi Iringa. Basi hesabu gari ngapi za mahindi zinaingia mjini kila siku, kisha uniambie udongo wa kule unabaki na nini.

Wazungu walilipata tatizo hili kabla yetu, kwa sababu miji yao ilikua mapema. Mwanzoni mwa karne ya 19 udongo wa Uingereza ulikuwa umechoka. Mwaka 1804 msafiri wa Kijerumani, Alexander von Humboldt, alikuwa amerudi kutoka Amerika ya Kusini na sampuli za unga wenye harufu kali uliotoka pwani ya Peru. Ulikuwa mavi ya ndege wa baharini, ambayo wenyeji waliyaita guano. Kwa kuwa mvua hainyeshi kule, mavi yale hayakuoshwa na maji. Yalijilundika kwenye visiwa vya Chincha, mwaka juu ya mwaka, hadi kufikia kimo cha mita makumi. Wainka waliyajua mashamba yao kuwa yanategemea ndege hao, na inasimuliwa kwamba aliyemuua ndege wakati wa kutaga aliadhibiwa kwa kifo.

Kuanzia mwaka 1840 hivi meli za Ulaya na Marekani zikapanga foleni visiwani. Serikali ya Peru ikatajirika kwa mavi, nanyi mniwie radhi kwa neno hilo wakati wa chakula. Mwaka 1856 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuruhusu raia wake kutwaa kisiwa chochote chenye guano ambacho hakina mwenyewe. Lakini nani alichimba? Peru ilifuta utumwa mwaka 1854, na badala ya watumwa zikaletwa maelfu ya vibarua kutoka China, kwa mikataba ambayo wengi wao hawakuielewa. Wale waliopelekwa visiwani walichimba katika jua kali na vumbi lenye kuchoma macho na koo. Wapo waliojitupa baharini ili wafe. Turnipu za Waingereza zikanenepa.

Guano ilipokaribia kwisha, macho yakahamia jangwa la Atacama, kwenye mpaka wa Peru, Bolivia na Chile, ambako kuna tabaka za shura ardhini. Wazee wa pwani wanaijua shura: ndiyo chumvi ya kutengenezea baruti. Angalieni sasa mambo yanavyoanza kuungana. Chumvi ileile inayokuza ngano ndiyo inayorusha risasi, kwa kuwa naitrojeni iliyolazimishwa kukaa na oksijeni haitulii. Ikipata nafasi ya kurudi hewani hurudi kwa kishindo. Mwaka 1879 nchi hizo tatu zikaingia vitani. Chile ilishinda, ikatwaa jangwa lote, na Bolivia ikapoteza pwani yake yote. Mpaka leo Bolivia haina bahari, ingawa ina jeshi la wanamaji, na mwaka 2018 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Chile hailazimiki kujadiliana nayo juu ya suala hilo.

Mwaka 1898 mwanasayansi Mwingereza William Crookes alisimama mbele ya wenzake mjini Bristol akawatia hofu. Alisema walaji wa ngano wanaongezeka, shura ya Chile ina mwisho, na mkemia asipojua namna ya kuikamata naitrojeni ya hewani, Ulaya itaona njaa. Aliyeitikia wito huo alikuwa Mjerumani wa asili ya Kiyahudi, Fritz Haber. Tarehe 2 Julai 1909, katika maabara yake mjini Karlsruhe, akisaidiwa na kijana Mwingereza Robert Le Rossignol, Haber aliwaonyesha wajumbe wa kampuni ya BASF amonia ikidondoka, tone kwa tone, kutoka kwenye mtambo uliokuwa ukibana naitrojeni na haidrojeni pamoja kwa shinikizo kubwa na moto mkali. Mhandisi Carl Bosch ndiye aliyekigeuza kile kidude cha mezani kuwa kiwanda, na mwenzake Mittasch alifanya maelfu ya majaribio kutafuta kichocheo cha bei nafuu, mwisho akapata chuma. Septemba 1913 kiwanda kikaanza kazi huko Oppau. Wajerumani wakasema wamepata mkate kutoka hewani.

Mwaka haukwisha vita vikaanza. Ujerumani ilikuwa mteja mkubwa wa shura ya Chile, na Desemba 1914 wanamaji wa Uingereza walipozizamisha manowari za Kijerumani karibu na visiwa vya Falkland, njia ya Chile ikafungwa. Kwa hesabu za wakati ule Ujerumani ingeishiwa baruti katika muda mfupi. Bosch akaiahidi serikali kwamba kiwanda kitaigeuza amonia kuwa malighafi ya baruti, na kuanzia mwaka 1915 kikafanya hivyo. Mwaka 1917 kikafunguliwa kingine kikubwa zaidi huko Leuna.

Msikilizaji anaweza kuuliza, haya ya Oppau na Leuna yanamhusu nini mtu wa Dar es Salaam au Nairobi. Yanamhusu kila siku anapokwenda sokoni. Jina la Kariakoo, na lile la Kariokor kule Nairobi, yametokana na kile kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita hivyo. Huku kwetu jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck halikuweka silaha chini mpaka ilipofika habari kwamba vita vimekwisha Ulaya. Lilijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi Waafrika waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakaribia laki moja, wengi kwa uchovu, njaa na kuhara. Chakula chenyewe kilichukuliwa mashambani mwa watu kwa nguvu na pande zote mbili. Mimi sisemi kwamba Haber aliwaua wapagazi hao. Nasema kwamba kama hesabu ile ya baruti ingetimia, vita vingekwisha mapema, na wengi wao wangerudi makwao.

Haber mwenyewe hakuishia kwenye amonia. Tarehe 22 Aprili 1915 alikuwapo Ypres, Ubelgiji, kusimamia jeshi la Ujerumani likifungulia gesi ya klorini juu ya mahandaki ya adui. Siku kumi baadaye mkewe, Clara Immerwahr, ambaye naye alikuwa daktari wa kemia, alijipiga risasi nyumbani kwa bastola ya mumewe. Haber aliondoka kwenda uwanja wa vita wa Warusi. Vita vilipokwisha alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 kwa ile amonia, na wanasayansi wengi wa nchi zilizoshinda walikasirika. Kisha mwaka 1933 Hitler akaingia madarakani, na Haber, aliyeipenda Ujerumani kuliko wengi waliozaliwa Wakristo, akaona Wayahudi wenzake wakifukuzwa kazini. Akajiuzulu. Alifia Basel, Uswisi, mwezi Januari 1934, akiwa mkimbizi.

Nayo mbolea yake haikuacha ile tabia ya baruti. Tarehe 21 Septemba 1921 ghala la mbolea la Oppau lililipuka na kuua watu zaidi ya 500. Na wengi wetu tuliona katika televisheni lile wingu lililopanda juu ya bandari ya Beirut tarehe 4 Agosti 2020: tani 2,750 za amonia naitreti zilizokuwa zimeachwa ghalani kwa miaka, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha.

Lakini tusimnyime Haber haki yake. Mwaka 1900 dunia ilikuwa na watu wasiofika bilioni mbili. Leo tumepita bilioni nane. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba karibu nusu ya watu hao wanakula chakula ambacho kisingeota bila mbolea ya viwandani. China iliyopoteza mamilioni ya watu kwa njaa kati ya mwaka 1959 na 1961 iliagiza viwanda vikubwa 13 vya mbolea mara baada ya Rais Nixon kuizuru mwaka 1972, na haikuiona tena njaa ya namna ile. Wanaosema turudi kwenye samadi peke yake waitazame Sri Lanka. Aprili 2021 Rais Gotabaya Rajapaksa alipiga marufuku mbolea ya chumvichumvi kwa siku moja, bila maandalizi. Mavuno ya mpunga yakaanguka, chai ikapungua, marufuku ikaondolewa kabla ya mwaka kwisha, na Julai 2022 rais mwenyewe, akiandamwa na hilo pamoja na madeni ya nchi, akakimbia.

Upo pia ugonjwa wa kuvimbiwa. Mmea mara nyingi huchukua chini ya nusu ya mbolea inayowekwa. Iliyobaki huoshwa na mvua. Mashamba ya bonde la Mississippi huimwaga katika Ghuba ya Meksiko, mwani huota kupita kiasi, huoza, na kumaliza oksijeni ya majini, na kila kiangazi linatokea eneo ambalo samaki hawezi kukaa. Sehemu nyingine huruka angani ikiwa gesi inayopasha dunia joto karibu mara 270 kuliko hewa ya ukaa, kilo kwa kilo. Uholanzi, nchi ndogo yenye ng'ombe na nguruwe wengi, imezidiwa na naitrojeni kiasi kwamba mwaka 2019 mahakama ilizuia miradi mingi ya ujenzi, na serikali ilipotaka mifugo ipunguzwe, mwaka 2022 wakulima walifunga barabara kwa matrekta.

Je, sisi tuko upande gani, wenye njaa au waliovimbiwa? Jibu ni kwamba tuko kote kuwili, na hilo ndilo linaloniudhi. Mnakumbuka magugumaji ya Ziwa Viktoria. Yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 bandari za Kisumu, Mwanza na Port Bell zilikuwa zikizibwa kama kwa zulia, wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi. Gugu lile halikuishi kwa miujiza. Liliishi kwa naitrojeni na fosforasi kutoka katika maji machafu ya miji yetu na udongo uliomomonyoka kutoka vilimani. Wadudu wa jamii ya fukusi walioletwa kulitafuna walisaidia sana, lakini karamu ya majini haikufungwa, na gugu hurudi mara kwa mara.

Na juu ya ziwa hilohilo, vilimani, shamba lina njaa. Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakiwa na takwimu kwamba mkulima wa bara hili hutumia wastani wa kilo 8 tu za virutubisho vya mbolea kwa hekta. Wakaazimia zifike kilo 50 ifikapo mwaka 2015. Hazikufika. Kwa hiyo udongo wetu unatoa tu, gunia baada ya gunia, naitrojeni ya mkulima inapita katika matumbo yetu sisi watu wa mjini, na inakwenda kuwalisha magugumaji.

Kunde, mbaazi na maharage zinaweza kurudisha sehemu. Miaka ya 1980 kule Peramiho, mkoani Ruvuma, wamisionari walihimiza mmea wa jamii ya kunde uitwao marejea, unaopandwa na kulimiwa ardhini, na wakulima wengi wa kusini waliuona ukifufua mashamba. Tatizo ni kwamba mwenye eka moja na watoto sita hana nafasi ya kulisha udongo msimu mzima kabla ya kujilisha mwenyewe. Huyu anahitaji mikunde na mfuko wa urea pia. Mfuko mmoja wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, sawa na iliyomo katika magunia karibu kumi na tano ya mahindi.

Lakini mfuko huo unatoka kwenye gesi asilia, ambayo viwanda huitumia kupata haidrojeni na moto. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, gesi na mbolea zilipanda pamoja. Nchini Kenya mfuko wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000 kabla serikali haijatoa ruzuku na kuuza kwa 3,500, baadaye 2,500. Tanzania nayo ilitoa ruzuku mwaka huohuo.

Sasa swali ambalo sijapata kulisikia likiulizwa kwa sauti ya kutosha: gesi si tunayo? Ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kuitumia kutengeneza amonia na urea palepale Kilwa. Kampuni ikaundwa, ikaitwa KILAMCO, lakini kiwanda hakikujengwa. Kile kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza uzalishaji miaka ya 1970 kwa malighafi ambayo sehemu kubwa iliagizwa kutoka ng'ambo, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanaijeria, ambao wana gesi kama sisi, walizindua kiwanda cha Dangote nje ya Lagos mwezi Machi 2022, chenye uwezo wa kutoa tani milioni tatu za urea kwa mwaka.

Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, ikawasha mitambo ya umeme ya Ubungo. Urea ya mkulima wa Songea inashuka bandarini ikitoka nchi za watu, inapakiwa katika lori, na kwenda naye safari inayokaribia kilomita elfu moja, ikiongezeka bei kila inapobadilisha mikono.